Kinywa Kinachongoja: Kimya na Neno katika Bwami ya Walega

1. Kwa nini kuongea juu ya kimya?

Siku hizi, kwetu huku Kivu na Maniema, mtu anayesema mbio ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye akili. Kwenye mikutano, kwenye redio, kwenye telefone, yule anayefungua kinywa wa kwanza ndiye anayebeba watu. Anayenyamaza, vijana wanamcheka: "Huyu hana kitu mu kichwa." Lakini sisi wote tunajua matunda ya kusema mbio mbio. Neno moja lisilopimwa linatoka sokoni asubuhi. Mchana limefika kijiji cha pili. Magaribi watu wako njiani na godoro kichwani, na hakuna hata mmoja anayeweza kukuambia nani alilisema wa kwanza. Katika miaka ya vita tumeona namna neno la uongo linavyoua watu wa kweli.

Mara nyingi tunapotaka kukemea tabia hiyo, tunawaambia vijana: "Wazee wetu walijua kunyamaza." Ni kweli, lakini jibu hili halitoshi. Mtoto wa sekondari atauliza: walijua namna gani? Walizaliwa na kimya? Nani aliwafundisha? Maulizo hayo ni ya haki, na ndiyo tunayotaka kujibu katika kurasa hizi.

Tutachukua mfano wa Walega, kwa sababu kwao jambo la kunyamaza halikuachwa kwa tabia ya kila mtu. Lilikuwa na masomo yake, na walimu wake, na vifaa vyake, na gharama yake. Masomo hayo ni bwami. Tunapenda kuonyesha kwamba kimya cha wazee kilikuwa kazi ya watu wote, kazi yenye faida kwa kijiji kizima. Na kwamba masomo hayo yalipovunjwa, kimya kilichobaki kilikuwa cha namna nyingine kabisa.

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa wasomaji ambao baba zao ni wa bwami. Hatutaandika hapa mambo ambayo ni ya waliopita ndani peke yao. Tunasema tu yale yaliyokwisha kuchapishwa vitabuni au yanayosemwa mbele ya wote. Kuandika juu ya kimya na kumwaga siri kwa wakati uleule kungekuwa kuchekesha watu.

2. Nchi isiyokuwa na mfalme

Walega wanakaa katika msitu mkubwa, hasa katika teritwari za Shabunda na Mwenga kwa upande wa Kivu ya Kusini, na Pangi kwa upande wa Maniema. Ni nchi ya mito kama Elila na Ulindi, nchi ya mvua, ya migomba na mitego.

Msomaji wa Bukavu aangalie vizuri neno moja ambalo linaweza kumpoteza. Kwa Washi, mwami ni mfalme: ni mmoja, ana ngoma yake, ana ardhi yake, na watu wanapiga makofi mbele yake. Kwa Walega, mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika bwami. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na bami wengi, na kila mmoja ana ngazi yake. Neno ni lile lile, mambo ni mbali mbali.

Walega hawakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Hawakuwa na jeshi la kudumu, wala askari polisi, wala gereza. Kila ukoo ulikuwa na wakubwa wake. Basi, ni nini kilichowazuia watu wasimalizane? Kulikuwa na damu ya ukoo, kulikuwa na ndoa zilizounganisha koo, na kulikuwa na bwami, ambayo ilipita juu ya mipaka ya vijiji na kuwakutanisha watu wa koo nyingi.

Fikiri sasa, ndugu msomaji, ugomvi ukitokea katika nchi ya namna hiyo. Mtu amechukua mnyama katika mtego wa mwingine. Mwanamke amekimbilia kwao na mahari haijarudishwa. Mzee amekufa na watu wanaanza kunong'ona jina la mchawi. Hakuna jaji wa Leta atakayekuja na karatasi. Kuna barza tu, na watu waliokaa, na maneno. Neno linaweza kumaliza ugomvi, na neno lile lile linaweza kuwasha moto utakaounguza koo mbili kwa miaka kumi. Mahali ambapo neno ndilo sheria, mtu hawezi kuachiwa kusema kama anavyotaka. Hakuna mzazi anayempa mtoto panga kabla hajajua kushika mpini.

3. Njia ndefu ya ngazi

Bwami ilikuwa na ngazi. Kwa wanaume ngazi ya chini iliitwa kongabulumbu. Halafu, kufuatana na sehemu, kulikuwa na kansilembo na ngandu. Juu yake yananio. Na juu kabisa kindi. Kila ngazi kubwa ilikuwa na vipande vyake ndani. Kijana hakuweza kuanza kabla ya kupita bwali, yaani tohara, ambako alijifunza kwanza jambo moja gumu: kuona mambo makubwa, kurudi kijijini kwa mama yake, na kutosema.

Mtu aliweza kumaliza maisha yake yote katika ngazi mbili za chini. Kufika kindi kulikuwa kwa wachache, tena kwa watu waliokwisha kukomaa. Sababu ya kwanza ni gharama. Kila ngazi ilidai mali: pesa ya magamba ya konokono iliyoitwa musanga, chumvi, mafuta, nyama ya msituni, mbuzi. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kukusanya mali hiyo peke yake. Alihitaji ndugu wa baba, wajomba, shemeji, wakwe. Wote hao walipaswa kukubali kutoa.

Hapa ndipo tunapoona akili ya wazee. Mtu mwenye ulimi mbaya, anayetukana mjomba wake kwenye pombe, anayeeneza siri ya nyumba ya shemeji, siku ya kuomba msaada anakuta milango imefungwa. Hakuna anayemgombeza. Wanamwambia tu: "Mwaka huu hatuna kitu." Na mwaka unaofuata vilevile. Basi mtu aliyetaka kupanda alilazimika kuchunga kinywa chake kila siku, hata nyumbani, hata shambani, kwa sababu hakujua ni nani atakayemhitaji kesho. Adhabu ya neno baya haikuwa fimbo. Ilikuwa kubaki chini.

Wanawake nao walikuwa na ngazi zao. Mwanaume hakufika juu kama mke wake hakupandishwa pamoja naye, na mwanamke aliyefika ngazi ya juu aliitwa kanyamwa. Ndoa yao tangu siku ile ilihesabiwa kuwa haivunjiki. Tena ni jambo la kufikiri: mume asiyeweza kuongea vizuri na mke wake ndani ya nyumba, ataongeaje vizuri na koo tatu kwenye barza?

Kile walichokitafuta kwa njia hii ndefu kilikuwa na majina mawili katika Kilega: bwanya, yaani hekima, na busoga, neno ambalo linashika pamoja uzuri na wema. Kwa Mlega, kitu kizuri ni kitu chema, na mtu mwema ni mtu mzuri. Utulivu wa mwami, namna yake ya kukaa, ya kutembea polepole, ya kutojibu tusi, vilikuwa sehemu ya uzuri wake kama vile kofia yake na mkufu wake wa meno ya chui.

4. Vitu vinavyofundisha bila mdomo

Sasa tuje kwenye masomo yenyewe. Mwalimu wa leo anaingia katika kelasi, anaandika kwenye ubao, anaeleza, anauliza: "Mumesikia?" Wanafunzi wote wanaitika: "Ndiyo, mwalimu!" Na pengine hakuna aliyesikia. Katika bwami haikuwa hivyo. Wakati wa kuingizwa, walimu walitoa vitu kutoka katika vikapu: sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu, kinyago, ganda la mnyama, mdomo wa ndege, kipande cha gome, jani. Walicheza ngoma na kile kitu, waliimba methali fupi yenye fumbo, walifanya kitendo kama mchezo wa kuigiza, kisha wakapita kwenye kitu kingine. Maelezo marefu hayakuwepo. Methali zenyewe zilikuwa mamia, na mara nyingi zilisemwa kwa maneno ambayo mtu wa kawaida hakuyatumia.

Aliyekuwa akiingizwa alifanya nini? Alitazama, alisikiliza, alinyamaza. Alikuwa na msimamizi wake aliyemwongoza, lakini hakuna aliyetafuna chakula na kumtia mdomoni. Alirudi nyumbani na lile fumbo, akalibeba kwa miezi na miaka, mpaka siku moja mambo ya maisha yenyewe yakamfungulia maana yake.

Tutoe mifano miwili. Kuna sanamu yenye vichwa vingi, au sura nyingi, ambayo inaitwa Sakimatwematwe. Methali inayoenda pamoja nayo inasema juu ya yule aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Mtu mwenye macho mbele tu anaona mti ulio karibu. Mwenye macho pande zote anaona na kile kilicho mbali, ng'ambo. Ndiyo picha ya mtu anayeangalia jambo kutoka kwa mlalamikaji, kutoka kwa mlalamikiwa, kutoka kwa waliokufa na kutoka kwa watoto watakaozaliwa, kabla hajasema lake. Kuna tena sanamu ya mtu aliyeinua mikono juu, Kasungalala. Wanaihusisha na msuluhishi, mtu ambaye akisimama na kuinua mikono, ugomvi mkubwa unasimama. Tuangalie: kichwa kingi, mikono juu. Mafundisho haya yote mawili ni juu ya kusema, lakini hakuna hata moja linaloonyesha kinywa kilichofunguka.

Jambo la pili la kushangaza ni kwamba kitu kimoja hakikuwa na maana moja. Kinyago kidogo cha mti kinachoitwa lukwakongo, ambacho ni cha watu wa yananio, kiliweza kushikwa mkononi, kufungwa kwenye mkono, kuwekwa chini, kutundikwa kwenye uzio, au kuvutwa kwa ndevu zake. Kila tendo lilileta methali nyingine na maana nyingine. Kwa hiyo mtu aliyekurupuka kusema, "Mimi nakijua hiki, maana yake ni hii," alijionyesha mwenyewe kuwa bado mchanga. Haraka ndiyo ilikuwa mtego. Aliyengoja kuona kitendo, kusikia wimbo, kuangalia nani yuko hapa na juu ya jambo gani, huyo ndiye aliyeanza kuelewa. Hii ndiyo tunayoiita leo utambuzi: kujua kwamba jambo lile lile, mahali pengine, siku nyingine, linadai neno lingine.

Kifaa cha tatu ni mutanga, kamba ya hekima. Ni kamba ambayo juu yake vitu vidogo vingi vilifungwa: unyoya, kipande cha kibuyu, mfupa, kijiti, ganda. Kila kimoja kilikuwa na methali yake. Padri Georges Defour, aliyeishi miaka mingi na Walega, aliandika kitabu kizima juu yake, nacho kilichapishwa hapa Bukavu. Mtu aliyeshika kitu kwenye kamba alisema methali yake na kuieleza. Tufikiri namna kamba hiyo inavyofanya kazi. Huwezi kusema kabla mkono wako haujachagua. Mkono ukipita juu ya vitu ishirini kutafuta kile kinachofaa, moyo nao unapoa. Tena, ukishika kimoja, umeacha vingine vyote. Wengi wetu tunajua methali nyingi. Shida ni kujua ni ipi ya kuacha.

5. Mtoto aliyesema kabla ya kusikia

Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wana hadithi kubwa inayofundisha jambo lile lile kwa njia nyingine. Ni hadithi ya Mwindo. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, waliiandika mwaka wa 1956 kutoka kinywani mwa mwimbaji Rureke, na kitabu kilitoka mwaka wa 1969.

Mwindo alizaliwa akitembea na akisema. Baba yake Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, alikuwa amekataza wake zake wasimzalie mtoto mwanaume, kwa hiyo akatafuta kumuua. Mwindo alishinda kila hatari, na kila aliposhinda alijisifu kwa sauti kubwa. Ni shujaa, hakuna shaka. Lakini ni mtu aliyepata kinywa kabla ya kupata masikio.

Tuangalie sehemu mbili. Ya kwanza ni pale baba na mwana wanapopatana. Hawakupatana kwa kukumbatiana njiani. Watu wote walikusanywa, na watatu wakaketishwa mbele yao: Shemwindo, Mwindo, na shangazi Iyangura katikati. Kila mmoja alisema kwa zamu yake. Baba aliungama aibu yake mbele ya watu. Shangazi alipima makosa. Mwana alikubali kutolipiza kisasi. Hakuna aliyekata neno la mwingine.

Ya pili ni mwisho wa hadithi. Mwindo alimuua Kirimu, zimwi la msituni, bila kujua kwamba Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba alimchukua juu mbinguni. Mwaka mzima Mwindo alikaa kule bila nyumba ya kujificha, akipigwa na baridi, mvua, jua na upepo, na yale majivuno yake hayakumsaidia kitu. Aliporudi chini, ndipo kwa mara ya kwanza alitoa sheria kwa watu wake, maneno ya utulivu juu ya namna ya kuishi pamoja. Wazee wa Kinyanga walijua walichokuwa wakisema: ushujaa ulimfanya kuwa maarufu, lakini ule mwaka wa kuvumilia ndio uliomfanya astahili kusikilizwa.

6. Wakati kimya kilipogeuka kuwa woga

Masomo haya marefu yalivunjwaje? Kwanza, kufikia miaka ya 1870, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kutoka pwani walikuwa wamejijenga Nyangwe na Kasongo. Watu wa Tippu Tip na wengine waliingia msituni kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Kutoka kwao tulipokea lugha hii tunayoiandika. Kutoka kwao tena vijiji vingi vilijifunza kulala bila moto ili moshi usionekane. Halafu vita vya 1892 hadi 1894 vilileta utawala wa Leopold, na tangu 1908 koloni ya Ubelgiji.

Wakoloni walihitaji chefu mmoja wa kumwita, wa kumwamuru, wa kukusanya kodi na watu wa kazi. Dekri ya 1910, kisha ile ya 1933, zilipanga nchi katika machefferi na masekta. Katika nchi ambayo haikuwa na mfalme, ilibidi mfalme atengenezwe. Na yule aliyefaa machoni pa Leta mara nyingi hakuwa mzee anayepima neno kwa siku tatu, alikuwa yule anayejibu upesi: "Ndiyo, bwana." Vijiji vilisogezwa kando ya barabara. Wanaume walipelekwa kwenye migodi, kama ile ya dhahabu huko Kamituga na ile ya kasiteriti huko Kalima. Nani angekuwa na muda wa kukaa majuma mazima akifundishwa na vitu vya kikapuni?

Kisha Leta ikaanza kuogopa. Watu wanaokutana ndani ya uzio, wanaotumia mafumbo, wasiojibu maulizo: kwa jicho la administratere, huo ni uasi unaopikwa. Mwaka wa 1944, uasi wa Bushiri, wa watu wa Kitawala, katika misitu ya Masisi na Walikale, uliongeza hofu hiyo juu ya kila kitu kilichoitwa cha siri. Mwaka wa 1948 bwami ilikatazwa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Chama ambacho kazi yake ilikuwa kufundisha watu kupima maneno kilihukumiwa bila maneno yake kusikilizwa.

Bwami haikufa. Biebuyck alipokuja kufanya utafiti kwa Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliikuta bado inaendelea, naye akaruhusiwa kuhudhuria. Kitabu chake kikubwa juu yake kilitoka mwaka wa 1973. Lakini kuishi kwa kujificha kuna bei yake. Zamani mtu alinyamaza kwa sababu alikuwa anapima. Sasa alinyamaza kwa sababu askari anaweza kusikia. Kwa nje ni kimya kimoja. Ndani ni vitu viwili visivyo na undugu.

Vitu vyenyewe navyo vilianza kuondoka. Vingine viliuzwa na warithi wenye njaa, vingine vilichukuliwa. Leo viko Tervuren huko Ubelgiji, na katika nyumba nyingine nyingi za kumbukumbu. Mwaka wa 2001 maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega yalifanywa Los Angeles, Marekani. Watu wanapita, wanasifu uzuri wake, na kusifu kwao ni kwa haki. Lakini kinyago kilicho katika kioo hakiwezi kuvutwa ndevu, hakina wimbo, hakina msimamizi. Kimebaki na busoga nusu: uzuri upo, wema hauna wa kuufundisha.

7. Si kila kimya ni hekima

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Kuna watu watakaosoma kurasa hizi na kufurahi: "Mumeona? Vijana na wanawake wanyamaze, wazee waseme." Hapana. Mila zetu zenyewe zinatulazimisha kutofautisha.

Kuna kimya cha woga, tulichokwisha kukieleza, ambacho tumekirithi kutoka nyakati za fimbo na ambacho vita vimekiongeza. Mtu ameona mwizi, ameona mwuaji, ameona mtoto wa jirani akiharibiwa, anasema: "Mimi sikuona kitu." Kuna kimya cha ujanja: mkubwa anajua ukweli, lakini anangoja aone upande gani utashinda. Na kuna kimya cha kupima, ambacho alama yake ni hii: kina mwisho. Aliyengoja anakuja kusema, tena anasema wazi, tena anabeba neno lake mbele ya watu. Mwami aliyeinua mikono kusimamisha ugomvi hakuwa bubu. Iyangura, mwanamke, aliketi katikati ya wanaume wawili na kupima makosa yao mbele ya kijiji kizima.

Ni kweli pia kwamba bwami ilikuwa na ukali wake. Mtu asiye na ndugu wa kumsaidia hakupanda, hata kama alikuwa na akili. Yatima alikaa chini. Sauti ya mdogo ilichelewa sana kusikika. Hatuwezi kuyafunika hayo juu ya kupenda mila. Lakini ukali huo hauondoi lile swali zuri ambalo bwami ilimwuliza kila mtu kabla ya kumpa neno: umesikiliza kwa muda gani?

8. Barza ya leo na kelasi ya leo

Je, mambo haya yanaweza kusaidia mtu wa leo? Tuna mfano karibu. Mwaka wa 1998, Goma, wazee wa makabila mbalimbali ya Kivu ya Kaskazini waliunda Barza Intercommunautaire. Walikaa pamoja, wakasikiliza migogoro ya ardhi na ya mamlaka, wakajaribu kuzima uvumi kabla haujawa damu. Kwa miaka kadhaa barza ile ilifanya kazi ambayo bunduki hazikuiweza. Lakini siasa ilianza kuwavuta wazee, kila mmoja kwa upande wake, na mwaka wa 2005 barza ilivunjika. Somo tunalolipata ni kwamba kukaa katika duara hakutoshi. Mzee aliyekuja akiwa na neno lililokwisha kupangwa na chama chake, hata akinyamaza saa nzima, hajasikiliza. Anangoja zamu yake tu.

Kwa sisi walimu, tunafikiri kazi inaweza kuanza na mambo madogo. Kwanza, katika masomo ya historia na ya Kifaransa, tuwape wanafunzi methali za kwao bila maelezo, tuwaache nazo juma zima, ndipo tuulize. Mwanafunzi atakayejibu siku ya saba atasema jambo ambalo yule wa dakika ya kwanza hakuliona. Pili, katika mijadala ya kelasi, kabla mtu hajajibu, arudie kwanza maneno ya mwenzake mpaka mwenzake aseme: "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Tumejaribu, na kelele zinapungua nusu, kwa sababu wengi wanagundua kwamba walikuwa wanagombana na kitu ambacho hakuna aliyekisema. Tatu, habari ikiingia kwa telefone, tuwafundishe maulizo matatu kabla ya kuituma: nani ameona kwa macho yake? Nani ataumia ikiwa ni uongo? Na mimi nitaweza kuisema mbele ya yule inayemhusu? Habari isiyopita maulizo hayo ibaki mfukoni.

Nne, na hili ni la wazazi: watoto waende kwa babu na bibi wangali hai, wakaombe methali, wakaandike. Si kwa kuuza siri, bali kwa kuokota yale ya wazi ambayo hata hivyo yanapotea. Kijana wa Kamituga anayejua majina ya wachezaji wote wa mpira wa Ulaya, lakini hajui methali tano za ukoo wake, atapata wapi kitu cha kushika siku akiitwa kupatanisha ndugu zake?

9. Neno la mwisho

Kiswahili kinasema ulimi hauna mfupa. Wazee wa Kilega walilijua jambo hilo, ndiyo sababu waliutafutia mifupa nje ya mwili: kamba, kikapu, sanamu, ngazi, ndugu wa kutoa mali, miaka ya kungoja. Vitu hivyo vingi vimekwenda na hatutavirudisha vyote. Kinachobaki mikononi mwetu ni ule utaratibu wake: kwanza tazama, halafu sikia, halafu beba neno ndani yako mpaka lipate mahali pake, ndipo useme, na ukisema usimame nalo. Katika nchi ambayo imezika watu wengi hivi juu ya maneno, tunaona kwamba somo hilo lina haki ya kupewa saa yake katika ratiba ya shule zetu, kama vile hesabu na sarufi.